Mdogo wangu wa Makambako, usianze unasihi kwa kuficha sura

Subiri kwanza! Umeuliza bei ya kikao, chumba cha kupanga, na kama ni kweli kwamba mnasihi, yaani mshauri wa wenye majonzi na matatizo, asipoonyesha hisia yoyote ndipo wateja watamheshimu. Hilo la mwisho limenichoma.

Nilipoanza kazi hapa Mbeya nilifanya hivyohivyo. Alikuja mama aliyefiwa na mwanawe (mengine nimeyabadilisha, asijulikane). Akaeleza jinsi mtoto alivyokuwa akimsubiri njiani jioni akitoka shamba la viazi. Koo lilinikaba. Nikainamia daftari, nikasema kwa ile sauti ya darasani, "Ninaelewa unavyojisikia, mama." Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, umenisikia kweli?" Jibu lilikuwa moyoni: nimekusikia, mama, hata sina la kusema. Nikamwambia, "Tuzungumze habari zako." Akajifunga kitenge vizuri, akashukuru kwa adabu, akaenda. Hakurudi. Dada yake alinieleza baadaye kwamba hataki tena kusikia habari ya mnasihi yeyote. Yeyote!

Mkufunzi aliyetufundisha vile bado nina hasira naye. Alisema mnasihi awe kioo, mteja ajione mwenyewe tu humo. Huo ni ushauri ambao Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya nafsi kwa mazungumzo, aliwaandikia madaktari wa tiba yake mwaka 1912. Mkufunzi wetu akaufanya sheria ya kila aliyefiwa Rungwe na Mbozi. Hakututajia kwamba mwaka 1957 mwanasaikolojia Carl Rogers wa Marekani aliandika masharti sita ya mtu kubadilika katika tiba, na mojawapo ni mtaalamu kuwa yeye mwenyewe, asiigize. Wala Rogers hakudai uwe mkamilifu maisha yako yote. Yatosha uwe mkweli ndani ya saa ile uliyokaa na mteja.

Sikwambii umwage misiba yako. Mteja akiishia kukubembeleza wewe, umemwibia saa yake. Sema neno moja la kweli juu ya unachohisi pale, kisha mrudie yeye. Hujaelewa? Mwambie, "Hapo sijakuelewa, nirudie." Watu wa huku wamekaa matangani tangu utotoni, wanamjua anayelia na anayejikamua machozi. Ukiwawekea uso usiosema kitu, watashinda wanakuchunguza wewe, ya kwao wayafungie.

Suti usinunue. Makambako kuna baridi, nunua sweta. Mteja akiingia msalimie "kamwene" kama unavyosalimia nyumbani, na ukisikia sauti ya darasani inakutoka, nyamaza kwanza.