Mbaazi za Msumbiji Haziwi za Afrika Mashariki kwa Kupita Mtwara

Kijana mmoja wa Masasi ameniandikia wiki hii, na kwa kuwa swali lake nimeshaulizwa na wengi kwa sura mbalimbali, nimeona nilijibu hapa badala ya kumjibu yeye peke yake. Baada ya shikamoo anasema amepata mtaji kidogo na anataka kuvuka Ruvuma akanunue mbaazi kwa wakulima wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, azilete Mtwara, kisha azisafirishe hadi Mombasa, ambako mbaazi na mahamri ni chakula cha kila asubuhi. Anaamini kwamba njia yote hiyo haina ushuru, "kwa sababu sote tumo kwenye Jumuiya", na anauliza kama aanze msimu huu au asubiri kwanza sarafu moja ya Afrika Mashariki ili asipoteze fedha katika kubadilisha.

Mwanangu, mbaazi hizo zitadaiwa ushuru Kenya, na sarafu hiyo usiisubiri.

Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC. Msumbiji imo SADC tu, na Kenya imo Afrika Mashariki lakini haimo SADC. Kwa mfanyabiashara wa Arusha au Mwanza jambo hili halina uzito mkubwa, kwa sababu jirani anayeuziana naye yumo katika Jumuiya ileile. Kwa sisi wa Mtwara, ambao Msumbiji iko karibu nasi kuliko hata Dar es Salaam, ndilo jambo la kwanza kulijua kabla ya kununua hata gunia moja. Eneo huru la biashara la SADC lilianza mwaka 2008, na ndani yake sehemu kubwa ya bidhaa zinazozalishwa katika nchi wanachama huvuka mipaka bila ushuru wa forodha, ilimradi ziwe na cheti cha uasilia, yaani karatasi inayothibitisha zimezalishwa nchi gani. Kwa utaratibu huo mbaazi za Msumbiji zaweza kuingia Mtwara. Lakini Afrika Mashariki ni umoja wa forodha tangu mwaka 2005, wenye ushuru wa pamoja kwa bidhaa zitokazo nje yake, ambao viwango vyake vikuu ni sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na, tangu mwaka 2022, asilimia 35. Unafuu ambao Tanzania imewapa wenzake wa SADC ni wa Tanzania, wala Kenya haikuutia saini. Mzigo wako ukitoka mpakani Horohoro ukaingia Lunga Lunga ya Kenya, afisa wa upande wa pili atataka kujua mbaazi zimelimwa wapi, hata kama wewe umejiandaa kumweleza zimepakiwa wapi.

Kama soko lako ni Mombasa, nunua mbaazi za huku kwetu. Masasi kwenu zipo, Nachingwea zipo, na huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi vya ushirika kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa hiyo usishawishike kupita vijijini kununua kwa kangomba, yaani kwa mlango wa nyuma nje ya mnada, ukadhani umeokoa fedha. Mbaazi iliyovunwa Nachingwea ni ya Afrika Mashariki tangu ikiwa shambani. Itapata cheti cha uasilia cha Jumuiya, na kwa mzigo mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna cheti kilichorahisishwa kwa bidhaa zilizomo katika orodha yake. Cheti cha afya ya mimea nacho utakihitaji, na hicho hakina njia ya mkato.

Nayasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu najua bei yake. Biashara ya Msumbiji niliianza kwa vitenge. Nilivinunua Kariakoo, nikavisafirisha kwa basi hadi Mtwara, na wakala mmoja wa forodha, ambaye jina lake silitaji ingawa linanijia kila nikimwona sokoni, aliniambia kwa kujiamini kabisa kwamba mzigo wowote unaotoka Tanzania ni mzigo wa SADC. Alichukua ujira wake, akachukua na fedha nyingine aliyoiita ya kusukuma karatasi. Ng'ambo ya mto afisa wa forodha alifungua robota la juu, akavuta pindo la kitenge cha kwanza mahali palipochapwa jina la kiwanda, akaweka kidole juu ya maandishi yale, kisha akakihamishia kwenye karatasi yangu palipoandikwa Tanzania, akanitazama tu. Vitenge vilikuwa vya China. Ushuru nilioulipia Dar es Salaam kupitia bei ya dukani haukuvigeuza kuwa vya Kitanzania, na hivyo nililipa ushuru wa Msumbiji, nikalipa na kodi yao ya ongezeko la thamani, nikarudi nyumbani na madeni. Wakala yule alikuwa akijua. Miezi michache baadaye nilisikia amempitishia tajiri mmoja mzigo kwa nyaraka sahihi kabisa. Mimi aliniona mama wa vitenge asiyesoma.

Basi nilisoma. Nilitafuta Itifaki ya Biashara ya SADC, ile ya mwaka 1996, nikaisoma pamoja na kiambatisho chake cha kanuni za uasilia, usiku baada ya kufunga duka, nikiwa na daftari la watoto. Kumbe kanuni zenyewe si ngumu. Bidhaa huhesabiwa kuwa ya nchi kwa njia mbili: ama imepatikana yote humo, kama mazao yaliyovunwa, samaki na madini yaliyochimbwa, ama imetengenezwa kwa malighafi ya nje lakini ikafanyiwa kazi ya kutosha kuigeuza kuwa kitu kingine. Kufungua robota na kulifunga upya, kubandika lebo au kuchanganya bidhaa mbili hakuhesabiwi kuwa kazi ya kutosha.

Nilipomaliza kusoma nikatazama nini kilichopo Mtwara ambacho hakuna afisa duniani atakayekibishia, nikaiona chumvi. Chumvi ya pwani ya Mtwara na Lindi hukaushwa kwa jua kutokana na maji ya bahari yetu wenyewe. Hakuna tone lake lililotoka China. Nilianza na mifuko midogo iliyotiwa madini joto kama sheria inavyotaka, iliyochapwa uzito, jina la mzalishaji na mahali ilikotengenezwa, kwa maandishi makubwa ambayo mtu anaweza kuyaweka kidole. Mara ya kwanza kuvuka nayo mto pale Kilambo, afisa alisoma cheti, akasoma mfuko, akagonga muhuri. Leo chumvi yangu inapikiwa Nangade na Mueda, nami sioni haya kulisema, kwa sababu wapo walioniambia kwamba mwanamke hawezi kupita njia ile bila kubebwa na mtu mkubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba ujue uasilia wa mzigo wako kabla hujaulipia, na wa pili ni huohuo. Ulizia cheti TCCIA, yaani chemba ya wafanyabiashara, au forodha ya TRA, mamlaka ya mapato, wewe mwenyewe, kwa miguu yako, kabla ya kumwona wakala. Kumbuka pia kwamba kufutwa kwa ushuru wa forodha hakufuti kodi ya ongezeko la thamani ya nchi unayoingia. Hiyo italipwa, na atakayekuambia vinginevyo muulize kwa nini yeye haiandiki kwenye risiti.

Sasa nije kwenye sarafu, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wanapopoteza muda. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na sarafu moja ilipangwa ianze mwaka 2024. Mwaka huo umepita, na lengo limesogezwa hadi 2031. Sishangai. Kabla ya kushirikiana fedha, nchi zimekubaliana kwamba mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisivuke asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Kuvifikia vigezo hivyo vyote kwa pamoja na kuvishikilia si kazi ya mkutano mmoja wa marais, na tangu itifaki isainiwe Jumuiya imeongezeka hadi nchi nane, zikiwemo Sudan Kusini na Somalia, ambazo kila moja ina mizigo yake. Wazee wetu waliwahi kutumia shilingi moja kutoka Kampala hadi Mikindani, chini ya bodi ya sarafu ya wakoloni, na mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake. Kuirudia hali ile kwa hiari ni kugumu kuliko kuanzishiwa na mtawala.

Lakini hata ikija kesho, mwanangu, Msumbiji haimo. Ng'ambo ya Ruvuma utalipwa metikali, fedha ya Msumbiji, kwa sababu umoja huo ni wa Afrika Mashariki, nayo SADC, iliyokuwa imepanga kuwa na sarafu yake mwaka 2018, haijaifikia hata hatua ya umoja wa forodha iliyopangiwa mwaka 2010. Hasara ya kubadilisha fedha basi ihesabu kama nauli, uiweke ndani ya bei tangu mwanzo. Wabadilishaji wa mtoni wana bei moja ya kununua na nyingine ya kuuza, na noti iliyochakaa au iliyolowa wanaikata tena. Mimi metikali zangu sizirudishi. Nanunua ng'onda hukohuko, kwa kibali cha uvuvi na cheti chake, nikaziuza Mtwara kwa shilingi, na hivyo faida ya samaki inafunika kile ambacho mbadilishaji angekichukua.

Vijana, acheni kudhani kwamba muungano wa nchi utaletwa na hotuba kutoka Arusha, makao makuu ya Jumuiya, au Gaborone, makao makuu ya SADC, mkaupokea mkiwa mmekaa. Kusini hii ilikuwa na muungano wake kabla ya itifaki. Wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walifunzwa Nachingwea, na Mei 1975 kiongozi wao Samora Machel aliivuka Ruvuma kutoka huku kuanza safari yake ya kwenda Maputo kupokea uhuru. Daraja la Umoja juu ya mto huo, lililozungumzwa tangu enzi zake na Mwalimu Nyerere, lilifunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, miaka 35 baadaye. Ndivyo mambo ya serikali yanavyokwenda. Anayeyasubiri yakamilike ndipo anunue gunia atazeeka na mtaji wake mfukoni.

Siasa nayo itakugusa upende usipende. Vita vya Cabo Delgado vilipoanza Oktoba 2017 wengi tulidhani ni jambo la wiki chache. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka hadi kijiji cha Kitaya, upande wetu, na Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. SADC ilipeleka majeshi yake Julai 2021, Tanzania ikiwemo, na operesheni hiyo ya SADC ikaisha mwaka 2024. Rwanda, ambayo haimo SADC, ilipeleka ya kwake kwa makubaliano na Msumbiji. Wafanyabiashara waliokuwa na mteja mmoja Palma na mali yote kwa mkopo hawakulipwa, na baadhi yao hawajarudi sokoni hadi leo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupeleka Mueda kwa kupitia Mtambaswala, njia ndefu, yenye nauli kubwa ya lori kuliko kivuko cha Kilambo, lakini daraja halingoji maji kujaa. Sasa natumia zote mbili, na mteja mpya simpi mzigo wa pili kabla hajalipa wa kwanza.