Maneno ya Kiingereza ya herufi tano yenye Q bila U

Ndugu yangu, umeuliza kama Kiingereza kina maneno ya herufi tano yenye Q lakini hayana U. Yapo, tena kadhaa unayajua tangu utotoni, maana yametoka Kiarabu kama yalivyotoka ya kwetu. Talaq ni talaka, niqab ni nikabu, qibla ni kibla, faqir ni fakiri. Hiyo faqir itazame vizuri: kwetu ni maskini hohehahe, ila kwa Kiingereza ni zaidi yule mcha Mungu anayeishi kwa sadaka. Kadhi naye yumo, qadi, herufi nne. Ongeza S ya wingi zinatimia tano. Nje ya Kiarabu kuna tranq, kifupi cha tranquilizer, yaani dawa ya kutuliza.

Kwenye Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga vigae vya herufi kuwa maneno, kigae cha Q ni kimoja tu na vya U ni vinne. Hizo U zikishaisha, watu wengi hubaki na Q mkononi hadi mwisho. Wewe weka faqir: Q pointi 10, F 4, zilizobaki moja moja. Hapo una 17 kabla hujagusa kiboksi chochote cha rangi cha kuzidisha pointi.