Maswali ya Wasomaji: Gemu Moja, Milango Minne

SWALI: Nina miwani ya VR ya Quest 2, kompyuta yenye RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya RTX 3060. Nikitaka kucheza Assetto Corsa, gemu la magari, naanza na programu ya Meta, inakuja Steam, inafuata SteamVR (mfumo wa Steam wa kuendesha miwani) na ule ukumbi wake, ndipo gemu lenyewe. Nikiingia barabarani picha inakatakata. Fundi anasema niongeze RAM. Nimsikilize? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pesa yako iache mfukoni kwanza. Kinachokusumbua ni mifumo miwili inayofanya kazi ileile kwa wakati mmoja. Ukichomeka Quest kwa waya wa Link, ule unaoiunganisha na kompyuta, mfumo wa Meta ndio unaofuatilia kichwa na mikono yako, ndio unaopokea picha za gemu, unazibana na kuzipeleka kwenye miwani. Unajitosheleza. SteamVR ikiingia katikati, gemu linaipa SteamVR picha, nayo inaikabidhi kwa Meta, na kila mmoja anajikatia fungu lake la kadi na prosesa. Kwa 90 Hz, yaani picha 90 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 11.1 tu za kukamilika. Zikizidi, mfumo hulishusha gemu hadi picha 45 kwa sekunde na kujibunia zinazopungua. Hapo ndipo kingo za usukani na nguzo za barabarani huanza kutikisika kama ziko chini ya maji.

Bahati yako, Assetto Corsa inajua njia zote mbili, ya Meta na ya SteamVR. Ingia kwenye mipangilio ya gemu, sehemu ya Video, na kwenye Rendering Mode chagua Oculus Rift (jina la zamani la njia ya Meta) badala ya OpenVR (njia ya SteamVR). Steam itabaki wazi kwa sababu leseni ya gemu iko humo, ila SteamVR haina tena kazi. Kuhakiki, bonyeza Ctrl+Shift+Esc gemu likiwa linaendelea, upate orodha ya programu zinazofanya kazi: ukiona vrserver.exe au vrcompositor.exe, bado imo. Kisha shusha Link hadi 72 Hz kwenye programu ya Meta. Unapata milisekunde 13.9, na kwa kadi yako tofauti hiyo utaiona.

Magemu ya OpenXR (njia ya pamoja isiyofungwa kwa kampuni moja), kama Microsoft Flight Simulator, yanafuata mfumo uliotajwa kwenye Windows kuwa ndio unaotumika. Kwenye programu ya Meta nenda Settings, General, halafu OpenXR Runtime, uiweke Meta. Tatizo huja ukibadilisha miwani ukasahau kubadilisha hapo: gemu linasema halioni miwani yoyote, na mtu anaanza kulaumu waya.

Half-Life: Alyx haina njia hiyo, imejengwa juu ya OpenVR na SteamVR lazima iwepo. Basi ipunguzie mzigo. Kwenye mipangilio ya SteamVR zima SteamVR Home, maana ni gemu zima linalopakiwa ili upate mahali pa kusimama tu. Na uangalie asilimia ya ubora wa picha. Inahesabu jumla ya pikseli, kwa hiyo 150 ni nusu nzima ya kazi juu ya ile ya kawaida. Ikiwa kwenye Auto, iweke Custom, anza na 100, upande kidogo kidogo.

SWALI: Miwani iko kabatini tangu mwezi uliopita, lakini OVRServer_x64.exe, programu ya Meta, iko hai kila nikiwasha kompyuta. Nikiiua inarudi. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Inarudi kwa sababu aliyeizaa bado yuko: huduma ya Windows inayoitwa OVRService. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sc config OVRService start= demand, na uache nafasi baada ya alama ya sawasawa, la sivyo amri haifanyi kazi. Kisha net stop OVRService. Siku ya kucheza, andika net start OVRService kabla ya kufungua programu ya Meta. Ukisahau itakuambia haiwezi kufikia huduma yake, na wengi hapo hukimbilia kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Usiifute huduma yenyewe. Bila hiyo miwani haiamki kabisa. Machi 2018 cheti cha faili moja tu la mfumo huo kiliisha muda, na Rift, miwani ya Oculus ya wakati huo, zikagoma duniani kote.

SWALI: Bando langu linaisha kabla sijacheza, Steam inapakua tu. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Settings, Downloads: weka ratiba ya masasisho iangukie saa za bando la usiku, na uondoe tiki kwenye ruhusa ya kupakua wakati gemu linaendelea. SteamVR nayo ina masasisho yake. Iko kwenye maktaba chini ya Tools. Ukiwa umejiunga na toleo la majaribio (beta), jitoe, maana hilo husasishwa mara nyingi zaidi.

SWALI: Miwani yangu ya HP Reverb G2 imekufa baada ya kusasisha Windows 11. – Msomaji, Muscat

JIBU: Miwani ni nzima. Microsoft iliondoa Windows Mixed Reality, mfumo wake wa miwani ya VR, kwenye toleo la 24H2 la Windows 11, na miwani hiyo ilikuwa inategemea mfumo huo. Ukiwa na kadi ya Nvidia, tafuta kwenye Steam dereva (programu ya kuendesha kifaa) ya bure iitwayo Oasis. Inapitia SteamVR, ile ile tuliyomshauri mwenzako wa Dar es Salaam aikwepe. Kwako ndiyo mlango uliobaki. Kwa kadi ya AMD haifanyi kazi.