Usitamke kwamba madabodi imekufa kabla hujapima

Kwa wewe unayeanza ufundi wa laptopu: kauli ya kwamba madabodi (bodi kuu inayounganisha sehemu zote za mashine) imekufa iwe ya mwisho kukutoka mdomoni. Mteja akiisikia tu anaanza kupiga hesabu ya mashine mpya. Nimepokea laptopu nyingi zilizokwisha kuhukumiwa hivyo kwingine, kumbe chaja imechoka au RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) imelegea. Zipo ambazo madabodi ilikuwa inakufa kweli, ila hata hizo zilijulikana kwa kupimwa, si kwa kutazamwa.

Kabla ya bisibisi, muulize mteja ndani kuna nini asichotaka kipotee. Mashine ya zamani inayowaka kwa kubahatisha leo inaweza isiwake kesho, kwa hiyo ikiwaka tu, nakili mafaili, uchunguzi utafuata. Baadhi ya laptopu za bei nafuu hifadhi yake imelehemiwa kwenye madabodi yenyewe, hakuna diski ya kuchomoa. Na Windows nyingi za sasa hufunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data: ukiihamishia kwenye mashine nyingine utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umo kwenye akaunti ya Microsoft ya mteja. Mwombe autafute mapema.

Anza na mambo mepesi. Pima chaja: Dell na HP nyingi hutumia volti 19.5, Lenovo nyingi volti 20. Kwenye Dell zenye plagi ya mviringo, itazame pini nyembamba ya katikati. Ikikatika, mashine itawaka lakini betri haitachaji na prosesa itapunguzwa kasi, na mtu atalaumu madabodi bure. Chomoa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake. Safisha meno ya RAM, uzijaribu moja moja katika kila tundu. Tundu moja likikataa RAM zote huku jingine likizikubali, hapo madabodi imeanza kujitaja. Toa diski, washa Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) kutoka kwenye flashi. Kama bado inaganda, na RAM umeshaihakikisha, shaka inaongezeka. Vivyo hivyo kwa ile inayozima ukiinyanyua kwa kona moja, au inayofanya kazi ikiwa baridi na kukata ikipata joto ilhali feni ni safi na pesti ya kupitisha joto la prosesa ni mpya.

Laptopu isiyoonyesha uhai kabisa, itazame taa ya chaja unapochomeka. Taa ikizimika au kupepesa, tafuta shoti, yaani umeme unaokatiza moja kwa moja hadi ardhi, kwenye njia kuu ya umeme. Ondoa chaja na betri, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), waya mweusi kwenye tundu la skrubu lenye ardhi (upande hasi wa umeme). Gusa njia hiyo kuu, ile ya volti 19, kwa waya mwekundu; ikisoma omu chache tu, shoti umeipata. Koili zilizo jirani na prosesa ni habari nyingine: pale omu chache, hata chini ya moja, huwa kawaida, kwa kuwa prosesa hula mkondo mkubwa kwa volti ndogo. Wanafunzi wengi hukosea hapa, wakaitoa kasoro prosesa nzima. Ukiwa na madabodi nzima ya aina ileile, linganisha.

Mara nyingi mkosaji ni kapasita ya seramiki (kijisehemu kinachohifadhi chaji ya umeme), ndogo kuliko punje ya mchele, isiyo na alama yoyote ya kuungua. Ingiza volti 1 kwenye njia yenye shoti kutoka kwenye pawasaplai ya mezani, ampea ukiwa umezidhibiti, kisha paka spiriti ya isopropili eneo hilo. Panapokauka haraka kuliko pengine ndipo penye joto, na ndipo penye shoti. Usizidishe volti: kama ni mosfeti (swichi ndogo ya kielektroniki) iliyotoboka, umeme unaouingiza unaweza kupenya hadi kwenye prosesa. Ukiitoa kapasita, rudisha nyingine yenye thamani ileile, isiyopungua volti zake.

Kama hakuna shoti na volti 19 zinafika, pima njia za volti 3.3 na 5 ambazo hutakiwa kuwepo hata kabla kitufe hakijabonyezwa. Zikikosekana, shughulika na saketi inayozitengeneza.

Kuhusu kuoka madabodi au kuipuliza hewa ya moto ili iamke, mimi sikubaliani. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikiharibika kwa udhaifu wa vifaa vya kifungashio cha chipu yenyewe. Mafundi walizipasha moto, picha ikarudi, na baada ya muda ikapotea tena. Kumtoza mteja pesa ya matengenezo kwa kazi ya namna hiyo ni kumdhulumu. Ukiitumia, iwe ili utoe mafaili tu, naye ajue hivyo.

Ikibidi kubadilisha, usinunue madabodi kwa jina la laptopu. Modeli moja huweza kutoka kiwandani na madabodi tofauti, nyingine zenye kadi ya picha, nyingine hazina. Soma namba ya sehemu iliyo kwenye madabodi ya zamani, umpigie muuzaji ukiwa na picha yake, na hakikisha anaiwasha mbele yako kabla hujalipa.