Vifaranga na Chakula cha Perege: Tuanzie Wapi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha wafugaji wadogo wa perege, kila mmoja akiwa na bwawa lake. Vifaranga tunanunua kwa yeyote aliye nao, na baada ya miezi sita bwawa hujaa samaki wadogo wasiouzika. Chakula cha kiwandani kimetushinda bei, hivyo tunalisha pumba tupu. Turekebishe kipi kwanza?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na mbegu, yaani vifaranga. Perege huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, mara nyingi kabla hajafikia uzito wa kuuzika, na jike huatamia mayai kinywani, akawaachia vifaranga bwawani, kisha akarudia tena na tena. Mkipandikiza madume na majike pamoja, wazazi na watoto hugombea chakula na hewa ile ile hadi wote wakadumaa, na hata chakula bora cha kiwandani kingepotelea humo humo.

Dawa yake ni kupandikiza madume watupu, ambao pia hukua haraka kuliko majike. Vituo vya kutotolesha huwapata kwa kuwapa vifaranga wachanga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki 3 hadi 4 za mwanzo, kazi ambayo nasisitiza iachiwe wataalamu. Ninyi mnaweza kuwachambua kwa mkono wakifika gramu 20 hadi 30: mgeuze samaki tumbo juu, umtazame karibu na pezi la nyuma, dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Makosa hayakosekani, lakini majike wachache si sawa na nusu ya bwawa.

Agizeni kwa pamoja, tena mapema, ili kituo kitotoleshe kwa ajili yenu badala ya kuwauzia waliobaki. Ulizeni wazazi wametoka wapi na hubadilishwa mara ngapi, kwa kuwa kuzalisha ndugu kwa ndugu miaka nenda rudi huleta vifaranga dhaifu. Mwenzenu mwenye maji ya uhakika anaweza kuwapokea wachanga, akawalea katika vizimba vya nyavu, kisha akawagawia wakiwa wamepata nguvu. Kwa maoni yangu, mlezi huyo ndiye kiungo ambacho vikundi vingi hukosa.

Kuhusu chakula, pumba hutia nguvu lakini protini yake ni haba, ilhali perege anayekua huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 25 hadi 30, na kifaranga mchanga huhitaji zaidi ya hapo. Changanyeni pumba na mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, na soya iliyokaangwa, kwani soya mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini. Malighafi hizi nazo zinunuliwe kwa pamoja, zihifadhiwe pakavu juu ya mbao, na zilizoota ukungu zitupwe bila huruma kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo.

Msisahau chakula kinachoota bwawani chenyewe. Tieni samadi kidogo kidogo hadi maji yawe ya kijani, kisha zamisheni mkono ulionyooka: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, simamisheni samadi kwa siku kadhaa, hasa ikiwa alfajiri samaki huja juu kutweta.