"Ndiyo" ya Kikosi cha Mseto

Wiki yangu ya pili katika makao makuu ya kikosi cha mataifa mengi niliandika amri ya msafara: ondokeni 0600. Sikuweka herufi ya mwisho, ile inayoonyesha ni saa za wapi. Kombania moja ikaisoma kwa saa za pale pale tulipo, nyingine, iliyozoea Zulu, jina la kijeshi la saa za Greenwich, ikaisoma kwa saa hizo. Magari ya maji yakakaa njia panda kwa muda wa saa tatu yakiwangoja wasindikizaji waliokuwa bado wanapiga mswaki. Wote walitii amri. Mwenye kosa nilikuwa mimi, afisa mnadhimu.

Tangu hapo, nikipewa maofisa wa kuwanoa, ramani huja baadaye. Naanza na neno "ndiyo". Jeshini kwenu, afisa akisema "ndiyo, afande", kazi imeshaanza. Kwenye kikosi cha mseto huenda anasema "nimekusikia", au "siwezi kukubishia mbele ya watu", au "ngoja kwanza nipige simu nyumbani".

Hiyo ya tatu ndiyo ya kuogopa. Kamanda wa Umoja wa Mataifa hukabidhiwa askari kwa kazi za misheni tu. Nidhamu yao hubaki mikononi mwa nchi zao, na nchi ikitaka kuwaondoa huwaondoa. Aprili 1994 kule Rwanda, baada ya askari wake 10 kuuawa, Ubelgiji ilikiondoa kikosi chake, na Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa kule, hakuwa na la kufanya. Afghanistan nako, baadhi ya nchi za NATO zilileta askari pamoja na masharti: wasiende huku, wasifanye kile.

Kwa hiyo darasani kila afisa nampa bahasha yenye masharti ya "nchi" yake. Huyu hatembei usiku, yule havuki mto. Mmoja anakuwa kamanda na kutoa amri. Wote wanaitikia. Karibu kila mara mpango unavunjika mtoni, na kamanda anakuja juu: mbona hamkuniambia? Wanamjibu: hukuuliza.

Basi uliza, lakini uliza faraghani. Kanali hatataja mipaka yake mbele ya manaibu wake. Na usimwulize mtu kama ameelewa, maana atasema ndiyo. Mwambie: "Nieleze utaanzaje." Akishaeleza utajua kama mnazungumzia daraja moja au mawili.

Kuhusu lugha nitasema machache. Wanaosumbua zaidi ni wale waliozaliwa na Kiingereza: wanakimbia, wanatania, wanarusha vifupisho. Nawalazimisha watoe amri kwa sentensi za maneno kumi. Wanachukia sana.

Mimi nilikuwa na daftari, ukurasa mmoja kwa kila kikosi: wasichoweza kufanya, nani anayempigia simu nani nyumbani, na wanasoma saa zipi. Siku ya kukabidhi ofisi nilimpa mrithi wangu daftari hilo kwanza, funguo baadaye.