Maswali ya sheria: ndugu amekamatwa Marekani

Familia nyingi za Goma, Bukavu na Lubumbashi zina mtu wao Marekani. Akikamatwa, huku nyumbani kila mtu anatoa shauri lake, na mashauri mengi ni ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) ya hapa, ambayo kule hayasaidii. Hizi ni baadhi ya barua zenu, pamoja na majibu yetu.

Mtoto wangu yuko Michigan. Alikamatwa kwa ajili ya ugomvi. Polisi walimwambia ana haki ya kunyamaza, lakini aliona kumnyamazia mkubwa ni kukosa adabu, akaeleza yote. Je, alitegwa? — Papa wa Himbi, Goma

Papa, hakutegwa. Shida ni kwamba haki hiyo haijitetei yenyewe. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Miranda, mwaka 1966, polisi wanapaswa kumtahadharisha mtu waliyemshika kabla ya kumhoji. Lakini kukaa kimya tu hakutoshi: lazima aseme kwa kinywa chake kwamba hatajibu.

Jambo hilo liliamuliwa mwaka 2010 katika kesi iliyotoka hukohuko Michigan. Mshtakiwa aliyeitwa Thompkins alihojiwa kwa karibu saa tatu, muda mwingi akiwa kimya. Mwishoni askari akamuuliza kama anamwamini Mungu, kama anasali, na kama anamwomba Mungu amsamehe kwa kumpiga risasi yule kijana. Akajibu ndiyo. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba jibu hilo litumike dhidi yake. Askari anajua pa kumgusa mtu mwenye dini, na watu wetu wengi ni wa dini.

Sentensi mbili zinatosha, na azishike kichwani kwa Kiingereza: sitajibu maswali; nataka wakili. Asitie "labda". Mwaka 1994 mahakama hiyo iliamua kwamba mtu aliyesema labda angezungumza na wakili hakuwa ameomba wakili. Akiomba waziwazi, mahojiano yanasimama mpaka wakili afike, isipokuwa yeye mwenyewe aanzishe tena mazungumzo. Na ajue kwamba polisi wa kule wanaruhusiwa kudanganya, kwa mfano kusema mwenzake ameshakiri.

Kwa sasa, wakili wake apate nakala ya mahojiano. Kama tahadhari haikusomwa, au alitishwa, ataomba maneno hayo yasitumike. Kesi yenyewe haifi kwa sababu hiyo, kinyume na watu wanavyodhani. Na mtoto asirudi kwa polisi eti kurekebisha maelezo.

Mdogo wangu yuko jela Texas. Jaji aliweka dhamana ya dola 5,000. Sasa kuna mtu anasema tumpe 500 tu, atamtoa. Pesa za namna hiyo hapa kwetu tunazijua. Tumpe? — Yaya wa Kadutu, Bukavu

Si matabishi (hongo), ingawa tunaelewa kwa nini mnashtuka. Kule Texas ni biashara yenye leseni. Mkilipa 5,000 mahakamani, pesa hiyo ni dhamana: kesi ikiisha na mshtakiwa amehudhuria kila tarehe, inarudi, hata akikutwa na hatia, baada ya kukatwa ada kama zipo. Mkimpa mfanyabiashara 500, yaani asilimia 10, yeye anamdhamini mdogo wako mahakamani kwa kiasi chote, na hiyo 500 ndiyo malipo yake. Hairudi, hata mashtaka yakifutwa kesho yake. Tena atadai mtu atie saini. Mdogo wako asipofika mahakamani, aliyetia saini ndiye atakayedaiwa zile 5,000, na hati ya kumkamata itatoka.

Kabla ya kutuma hata dola moja, wakili aombe dhamana ipunguzwe, au aachiliwe kwa ahadi yake tu. Kisha aulize kama idara ya uhamiaji imeomba jela imshikilie. Ikiwa imeomba, huenda mkalipa ili atoke kwenye jela moja na kuingia nyingine.

Biashara hii hairuhusiwi Kentucky, Oregon wala Wisconsin, na Illinois ilifuta dhamana ya pesa kabisa tarehe 18 Septemba 2023. Anayewapigia simu akidai hiyo asilimia 10 kwa mtu aliye huko ni mwizi.

Dada yangu ana kadi ya kijani (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu), anashtakiwa wizi dukani. Wakili wa bure aliyepewa na mahakama anasema akiri: atapewa kifungo cha mwaka mmoja kilichosimamishwa na kulala nyumbani siku hiyohiyo. Wakili huyo si mtu wa serikali? — Mwanafunzi wa sheria, Kampemba, Lubumbashi

Analipwa na serikali lakini bwana wake ni mshtakiwa, na siri za dada yako hawezi kuzipeleka kwa mwendesha mashtaka. Haki ya kupewa wakili wa bure inatokana na kesi ya Clarence Gideon wa Florida, mfungwa aliyeiandikia Mahakama Kuu kwa penseli. Alishinda mwaka 1963, akarudiwa kesi akiwa na wakili, na akaachiwa. Tatizo la mawakili hawa ni wingi wa mafaili.

Kilichotutisha katika barua yako ni "mwaka mmoja". Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, hukumu ya wizi yenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi inaingia kwenye kundi la makosa mazito, hata kama kifungo kimesimamishwa na hajalala jela usiku mmoja. Mwenye kadi ya kijani katika kundi hilo hurudishwa kwao na karibu milango yote hufungwa. Siku 364 badala ya 365 zinamtoa kwenye kundi hilo. Wizi bado unaweza kumletea shida nyingine, hasa kama hajamaliza miaka 5 tangu alipoingia, lakini siku hiyo moja ndiyo ya kupigania, na waendesha mashtaka wengi hukubali wakiombwa mapema.

Tangu mwaka 2010 wakili wa jinai analazimika kumweleza mteja hatari hii. Kesi hiyo ilikuwa ya José Padilla, dereva wa lori aliyezaliwa Honduras na kuishi Marekani zaidi ya miaka 40; wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa amekaa sana. Basi dada yako aulize kwa maandishi: nikikiri hivi, uhamiaji watanifanya nini? Mbele ya jaji wa uhamiaji, serikali hailipi wakili.

Siku ya kukiri, jaji huuliza maswali mfululizo: unaelewa mashtaka, unaelewa unaacha haki ya kuhukumiwa na jopo la raia, kuna aliyekulazimisha, umekunywa dawa yoyote leo? Watu wetu hujibu ndiyo, ndiyo, hapana, hapana, kwa heshima, wakimtazama wakili. Kila jibu linarekodiwa, na baadaye ni vigumu mno kusema hukuelewa. Kama mkalimani anazungumza Kiswahili cha Mombasa na dada anapotea, aseme papo hapo, kabla ya swali linalofuata.

Usishangae kwamba anaambiwa akiri badala ya kupigana. Mahakama Kuu yenyewe iliandika mwaka 2012 kwamba asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na 94 katika zile za majimbo, zinatokana na kukiri.

Tufanye nini tukiwa Goma? Hatujui hata jela aliyoko. — Mama wa Katindo

Mama, ulizeni kwanza jina la kaunti (sehemu ndogo ya jimbo, kama wilaya), si la jimbo, kwa kuwa jela nyingi za mahabusu ni za kaunti, na nyingi huweka orodha kwenye intaneti. Tafuteni kwa jina kama lilivyoandikwa kwenye karatasi za ukimbizi. Mara nyingi jina la ukoo na la ubatizo yamegeuzwa, na tarehe ya kuzaliwa imeandikwa 1 Januari. Akipiga simu kutoka jela, msimuulize kilichotokea. Simu hizo hurekodiwa na mwendesha mashtaka anaweza kuzisikiliza. Mwulizeni jina la wakili na tarehe ya mahakama, basi.